Uchovu Usioaminiwa: Kutoka Malale ya Maswa hadi Wauguzi wa London

Sisi tunaohudumu Usukumani twajua kwamba uchovu wa mtu hupimwa kwa jembe. Asiyeweza kulima huulizwa kwanza habari za tabia yake, na mwisho kabisa habari za mwili wake.

Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulizuka Maswa. Mgonjwa alilegea, akasinzia mchana, na asipotibiwa alikufa. Serikali ya Waingereza haikubishana na uchovu huo, kwa kuwa vijidudu vyake vilionekana kwenye damu kwa hadubini. Watu walihamishwa, mapori yakafyekwa, na idara ya utafiti wa mbung'o chini ya C.F.M. Swynnerton ikawa na makao yake Shinyanga. (Kama waliohamishwa walifurahi ni habari nyingine.)

Je, uchovu ambao hadubini haioni? Julai 1955 wauguzi na watumishi wengine wa hospitali ya Royal Free, London, waliugua kwa wingi, hata hospitali ikafungwa kwa miezi zaidi ya miwili. Baadhi yao hawakupata tena nguvu zao. Daktari Melvin Ramsay aliwaamini. Walakini mwaka 1970 McEvedy na Beard, ambao walisoma majalada bila kuwapima wagonjwa, waliandika kuwa ilikuwa fadhaa ya akili. Mojawapo ya hoja zao ni kwamba wengi walikuwa wanawake. Hoja hiyo ilitawala miaka mingi, na utunzaji ukaifuata. Mwongozo wa Uingereza wa 2007 ulipendekeza mgonjwa aongezewe mazoezi hatua kwa hatua. Ule wa 2021 umeyakataa, kwa maana mgonjwa huyu akizidisha kiasi huanguka, mara nyingi siku moja au mbili baadaye.

Kwetu, hospitali haina budi kupima kwanza malaria, kifua kikuu, upungufu wa damu, UKIMWI na brusela. Lakini majibu yakiwa safi, mgonjwa angali kitandani, na hapo ndipo wachungaji tunapoitwa.

Tulimtembelea mama mmoja wa namna hii pamoja na kwaya. Tuliimba na kuomba karibu saa mbili. Kwa heshima yake aliketi wima muda wote, nasi tukaondoka tukishukuru kwamba amepata nguvu. Siku ya pili yake hakuweza kuinua kikombe. Tulikuwa tumehubiri mara nyingi juu ya Eliya chini ya mretemu, bila kuona kwamba malaika hakumhoji: alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akarudi na chakula mara ya pili.

Siku hizi tunaingia kwake wawili tu, dirisha likiwa nusu wazi. Tunasema maneno machache, tunaacha uji karibu na mkono wake, na tunaaga kabla hajajaribu kuinuka.