Daktari Aliyehama Kikosi: Mafundi na Jeshi la Marekani

Mwanajeshi wa Marekani anayetaka kuweka bunduki chini ashike ruta na seva ana milango miwili. Anaweza kuhama kikosi ndani ya jeshi lake, tuseme kutoka askari wa miguu kwenda mawasiliano. Au anaweza kulihama jeshi lenyewe, atoke nchi kavu aende jeshi la anga. Mlango huu wa pili si mchezo. Kuna fomu, DD 368, ambayo anaomba nayo kuachiliwa kwa masharti, na wakubwa wake wana haki ya kumkatalia. Hata wakikubali, jeshi analoliendea halilazimiki kumpa cheo alichokuwa nacho, wala ile kazi ya kompyuta iliyomfanya ahame.

Habari hii haiko mbali nasi kama inavyoonekana. Kuanzia 2009 hadi 2016 jeshi hilo lilikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, wa kuandikisha wahamiaji wenye utaalamu wa udaktari au wa lugha fulani na kuwapa uraia kwa haraka. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Wapo ndugu zetu walioingia jeshini wakitafuta hati na ada ya chuo, kisha wakagundua kwamba kazi uliyopangiwa siku ya kwanza inaweza kukufuata miaka mingi.

Kwa nini jeshi linalohitaji mafundi kiasi hiki linawawekea vizingiti? Jibu ni la zamani kuliko kompyuta. Tuanze na daktari mmoja.

Albert James Myer alizaliwa mwaka 1828 katika jimbo la New York. Ujanani alifanya kazi ya telegrafu, kisha akasomea udaktari. Tasnifu yake ya mwaka 1851 haikuhusu homa wala vidonda, ilihusu lugha mpya ya alama kwa viziwi. Mwaka 1854 aliingia jeshini kama daktari msaidizi, akapelekwa Texas. Huko kwenye nyika, ambako unaweza kumwona mtu wa mbali sana usiweze kumsikia, aliigeuza ile lugha ya vidole ikawa lugha ya bendera. Bendera moja tu, ikipungwa kushoto na kulia kwa mpangilio, inatamka herufi. Usiku unatumia mwenge.

Aliandika barua kwa wakubwa mwaka 1856. Ikapita miaka mitatu ndipo ikaundwa kamati ya kumsikiliza, na mwenyekiti wake alikuwa Luteni Kanali Robert E. Lee, yule yule atakayekuja kuongoza majeshi ya Kusini. Kamati ilikubali kwa shingo upande kwamba majaribio yaendelee. Juni 1860 Myer akavua udaktari, akawa meja na ofisa wa kwanza wa mawasiliano wa jeshi hilo.

Lakini alipewa cheo bila kikosi. Hakuwa na askari hata mmoja wa kwake. Kila aliyemfundisha kupunga bendera alikuwa ameazimwa kutoka rejimenti nyingine, na rejimenti ingeweza kumdai wakati wowote. Fundi wa namna hiyo hana kwao. Kule alikotoka wanamhesabu kama mtoro, na huku aliko ni mgeni.

Ujuzi nao haukungoja taratibu za ofisi. Luteni Edward Porter Alexander, aliyemsaidia Myer katika majaribio ya 1859, alijiunga na Kusini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Julai 1861, kwenye mapigano ya Bull Run, aliona kutoka kilimani jeshi la Kaskazini likizunguka ubavuni, akawaonya wenzake kwa bendera. Mbinu ya Myer ikafanya kazi yake kubwa ya mwanzo mikononi mwa adui.

Machi 1863 Bunge la Marekani lilimpa Myer kikosi rasmi. Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipowaka, na ulihusu waya. Telegrafu za vita ziliendeshwa na idara nyingine chini ya Anson Stager, mtu wa kampuni za telegrafu, na maopereta wake walikuwa raia. Myer alitaka askari wake nao wawe na telegrafu. Alipotangaza gazetini kwamba anatafuta maopereta hodari, Waziri wa Vita, Edwin Stanton, aliona amevuka mpaka. Novemba 1863 akamwondoa madarakani, na vifaa vya telegrafu vikaenda kwa Stager.

Unaweza kudhani huo ni ugomvi wa mabosi tu. Sivyo. Mwanzoni mwa 1864 Jenerali Ulysses Grant alitaka ofisa wake mmoja apewe ufunguo wa msimbo wa siri. Opereta wake, Samuel Beckwith, alikuwa na amri ya kutompa mtu yeyote asiye opereta. Jenerali akamshurutisha, Beckwith akautoa, na Stager akamfukuza kazi. Ilibidi Grant aingilie kati ndipo arudishwe. Huyo ni mtu mmoja mwenye mabwana wawili, na kila bwana ana haki ya kumwadhibu. Vita vilipokwisha, wale maopereta hawakupata pensheni ya askari, ingawa wapo waliokufa kazini. Kwenye karatasi walikuwa raia.

Naisoma historia hii hivi: swali la nani anamiliki waya lilikuwa pia swali la nani atamlea anayeushika. Pasipo na kikosi cha mafundi, fundi hupanda cheo kwa hisani na hustaafu kwa bahati.

Myer alirudishwa kazini baada ya vita, akafa mwaka 1880. Kikosi chake kikaendelea kuzaa. Mwaka 1907 ndani yake kiliundwa kitengo kidogo cha mambo ya anga. Kitengo kile kilikua, kikajitenga, na mwaka 1947 Jeshi la Anga likawa jeshi kamili. Mwaka 2019 Jeshi la Anga nalo likazaa Jeshi la Anga za Juu, ambalo limewapokea hata watu wa setelaiti kutoka nchi kavu. Kila uzazi uliwaletea mafundi swali lile lile: wabaki kwa wazee, au wahamie nyumba ambayo bado inaezekwa?

Kwa watu wa kompyuta, nyumba ilichelewa. Mtandao wa ARPANET, uliogharamiwa na wizara ya ulinzi, ulianza kazi mwaka 1969. Jeshi la nchi kavu lilianzisha tawi maalumu la vita vya mtandao tarehe 1 Septemba 2014, miaka 45 baadaye. Katika miongo ile, wataalamu wake waligawanywa baina ya mawasiliano na ujasusi. Kambi kuu ya tawi jipya ikawa Fort Gordon, Georgia, nyumbani kwa kikosi kilichoanzishwa na yule daktari.

Kwa hiyo kijana anayejaza fomu leo ana nafuu ambayo Myer hakuwa nayo. Tawi lipo, shule ipo, ngazi za vyeo zipo. Kilichobaki ni kuhakikisha jina la kazi limeandikwa ndani ya mkataba kabla hajatia sahihi, kwa sababu ahadi ya mdomo ya ofisa wa kuandikisha haina uzito kama karatasi. Beckwith na wenzake walijifunza hivyo walipokuta pensheni si yao.