Ndege za zamani za vita: vijana wanaozipenda, na alama zake katika Kongo

Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa saba, mji mdogo wa Oshkosh katika jimbo la Wisconsin, Marekani, unapokea ndege zaidi ya 10,000 kwa juma moja tu. Katikati ya zile ndege kuko mistari mirefu ya ndege za vita za zamani: zile za propela, zilizotengenezwa wakati wa Vita ya Pili ya Dunia ao kisha yake kidogo. Chini ya mabawa yake utakuta wazee wenye mvi, lakini utakuta pia vijana wa miaka 16, 17 ao 20, wenye mikono meusi kwa mafuta ya motere, wanapangusa, wanafunga vise, wanangojea zamu yao ya kupanda.

Kwa mtu wa Kivu, wa Ituri ao wa Tanganyika, jambo hili linaweza kuonekana la ajabu. Hapa kwetu, ndege ya vita ikisikika, watu hawakimbilii kuitazama, wanakimbia. Lakini historia ya ndege hizi haiko mbali na Kongo. Zingine za namna ile ile ziliruka juu ya Kamina, Kolwezi, Kisangani na milima ya Fizi.

Ni ndege gani?

Inayojulikana sana kwa wanaoanza ni T-6, ambayo Waingereza waliita Harvard. Ni ndege ya viti viwili, mwalimu na mwanafunzi, mmoja mbele na mwingine nyuma. Motere yake ina nguvu za farasi 600. Zilitengenezwa zaidi ya 15,000, na mapiloti wengi sana wa Vita ya Pili walijifunzia ndani yake.

Kisha kuna T-28, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1949, yenye nguvu zaidi na gurudumu la mbele. Juu ya hizo kuko zile za mapigano yenyewe: P-51 Mustang ya Wamarekani na Spitfire ya Waingereza. Na kuna C-47, ndugu ya DC-3, iliyobeba askari na mizigo. Wazee wengi wa Afrika wanaijua.

Vita ilipoisha mwaka 1945, serikali zilibaki na maelfu ya ndege zisizo na kazi. Nyingi zilikatwa na kuyeyushwa. Zingine ziliuzwa kwa bei ndogo sana. Mwaka 1957, katika Texas, kikundi kidogo cha marafiki kilinunua Mustang moja. Kutoka hapo likazaliwa shirika ambalo leo linaitwa Commemorative Air Force, lenye ndege nyingi na wanachama wa kujitolea. Uingereza kuko kiwanja cha Duxford, ambacho kilikuwa cha jeshi na sasa ni makumbusho. Ufaransa kuko La Ferté-Alais, karibu na Paris, fasi watu wanakusanyika wakati wa Pentekoste kutazama ndege za zamani zikiruka.

Kijana anaanzia wapi?

Hakuna anayeanza na Mustang. Marekani, wengi wanaanza kwa mpango unaoitwa Young Eagles, uliofunguliwa mwaka 1992: piloti wa kujitolea anamuchukua mtoto wa miaka 8 mpaka 17 kwa safari ya kwanza, bila malipo, kwa ndege ndogo ya kawaida. Zaidi ya watoto milioni 2 wamekwisha kuruka hivyo.

Mwenye kupata hamu anarudi kwenye atelie. Hapo anapewa kitambaa na ndoo. Anaosha ndege, anapanga vyombo, anashikilia taa wakati fundi anafungua motere. Ni kazi ya miezi, mara nyingine ya miaka. Njia hii inajulikana vizuri na mtoto yeyote wa garaji ya Goma ao Bukavu: unaanza kwa kuleta funguo namba 13, kisha siku moja wanakuachia motere.

Kwa sheria za Marekani na Uingereza, mwanafunzi anaweza kuruka peke yake akiwa na miaka 16, na kupata leseni ya piloti binafsi akiwa na miaka 17. Kisha leseni, njo kazi yenyewe inaanza.

Kwa nini ni ngumu kuziendesha?

Ndege nyingi za wakati ule zina gurudumu dogo nyuma, chini ya mkia. Ikiwa chini, pua inatazama juu, na piloti haoni mbele. Lazima aende kwa kupindapinda, kushoto na kuume, ili aone njia kwa upande.

Halafu kuna nguvu ya propela. Akisukuma motere kwa haraka, ndege inavutwa upande wa kushoto. Mguu wa kuume lazima ukanyage pedali wakati ule ule, kwa kipimo, si zaidi si chini. Na wakati wa kutua, kwa sababu uzito mkubwa uko nyuma ya magurudumu ya mbele, mkia unataka kupita pua: ni sawa kusukuma kigurudumu cha sokoni kwa kurudi nyuma, ukikosa kidogo kinageuka. Ndege inaweza kuzunguka juu ya barabara yake na kuvunja bawa.

Ndiyo maana wazee wanarudia kwa vijana kwamba safari haijaisha mpaka ndege imesimama na motere imezimwa.

Nani analipa?

Hapa ndipo wengi wanaishia. T-6 inakunywa karibu lita 110 za mafuta kwa saa moja. Mustang inapita lita 200. Bei ya Mustang moja nzuri inapita milioni 2 za dola. Kwa hiyo kijana asiye na tajiri nyumbani ana njia chache: kujitolea katika shirika, kusomea ufundi wa ndege, ao kupata msaada wa masomo. Mafundi wanaojua motere zile wanazeeka na wanakufa, na mashirika yanahitaji mikono mipya. Kijana mwenye kujua kufungua na kufunga anaweza kufika mbali kuliko mwenye feza peke yake.

Mikia mwekundu

Kwa vijana weusi wa Marekani, jambo hili lina uzito mwingine. Mpaka mwaka 1941, jeshi la anga la nchi yao halikupokea piloti mweusi. Mwaka ule, mafunzo yalifunguliwa Tuskegee, katika Alabama, kwa ubaguzi: weusi peke yao, mbali na wengine. Karibu mapiloti 1,000 walitoka hapo. Walipigana katika Afrika ya Kaskazini na Ulaya, na Mustang zao zilipakwa rangi nyekundu kwenye mkia.

Commemorative Air Force ina Mustang moja yenye mkia mwekundu, inayozunguka pamoja na maonyesho ya historia yao kwa ajili ya wanafunzi. Mwaka 2004 motere yake ilikufa hewani na piloti alipoteza maisha. Watu wakaitengeneza upya. Mwaka 2009 ikaruka tena.

Hatari si hadithi

Mwaka 2015, huko Shoreham, Uingereza, ndege ya zamani ya jeti ilianguka barabarani wakati wa maonyesho: watu 11 waliokuwa chini walikufa. Mwaka 2019, B-17 iliyobeba abiria ilianguka Connecticut, watu 7 wakafa. Tarehe 12 Novemba 2022, huko Dallas, ndege mbili za maonyesho ziligongana hewani na watu 6 wakafa.

Kila mara swali linarudi: je, ni haki kuhatarisha maisha kwa ajili ya vyuma vya miaka 80? Wengine wanasema ziwekwe ndani ya makumbusho, zisiruke tena. Wengine wanajibu kwamba motere isiyowaka haifundishi mtu kitu. Mabishano haya hayajaisha.

Ndege zile zile juu ya Kongo

Katika mwaka 1916, wakati wa Vita ya Kwanza, Wabelgiji walileta ndege za maji kwenye ziwa Tanganyika, karibu na Kalemie ya leo. Zililetwa vipande vipande kwa meli, kwa treni na kwa mto, kisha zikaunganishwa. Zilitupa bomu juu ya Kigoma, iliyokuwa mikononi mwa Wadachi.

Miaka ya 1950, jeshi la Ubelgiji lilikuwa na shule yake ya mapiloti katika Kamina, na ndege za shule zilikuwa Harvard. Kisha uhuru, Katanga ya Tshombe nayo ilitafuta Harvard za kupigana nazo. Mwishoni mwa Desemba 1962, ndege za jeti za Sweden, zilizokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, zilipiga kiwanja cha Kolwezi na kuharibu ndege za Katanga chini.

Mwaka 1964, wakati Wasimba walikamata Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, serikali ya Léopoldville ilipata ndege kutoka Marekani. Mapiloti wengi walikuwa Wacuba waliokimbia nchi yao, walioandikwa na shirika la kijasusi la CIA. Walianza na T-6, kisha T-28, kisha B-26. Mwaka 1965, ndege hizo zilitoka Albertville, Kalemie ya leo, kupiga upande wa Fizi na Baraka, wakati Che Guevara alikuwa kule pamoja na waasi.

Hivyo T-28 inayopigiwa makofi leo huko Oshkosh ni ya namna ile ile ambayo mama mmoja wa Fizi aliisikia akiwa amebeba mtoto mgongoni, akikimbilia porini. Ndege haina kosa. Mtu njo anaituma. Lakini kijana anayeipenda anapaswa kujua safari zake zote, si zile za sherehe tu.

Kuko wazee wa Kisangani, Uvira, Fizi na Kalemie ambao walikuwa watoto wakati ule na wanakumbuka mlio wake. Hesabu yao inapunguka kila mwaka. Huko ng'ambo, vijana wanakaa karibu na wazee wao na kuuliza kabla hawajaondoka. Kazi hiyo haidai lita 200 za mafuta. Inadai kiti kimoja, saa moja ya mangaribi, na mtoto aliye tayari kusikiliza.