Jeni inayokinga maharagwe inavyoweza kuyaua

MAHARAGWE yaliyostawi vyema hadi kutoa maua yanaweza kunyauka ghafla, shina moja hapa na jingine pale, huku yaliyo kando yakibaki ya kijani kibichi. Majani ya kileleni hulegea, kisha hukauka. Shina likipasuliwa kwa kisu, huonekana mistari ya kahawia au nyeusi iliyoteremka hadi mizizini. Wakulima wengi hudhani ni ukame, au ni kazi ya funza wa shina. Wataalamu huuita ugonjwa wa mizizi myeusi, na kisa chake ni cha ajabu: mmea huo haufi kwa kukosa kinga, bali hufa kwa sababu unayo.

Maharagwe ya kawaida, ambayo jina lake la kisayansi ni Phaseolus vulgaris, si mmea wa asili wa Afrika. Mababu yake wa mwituni wako Amerika, ambako watu waliyageuza kuwa zao la shambani mara mbili, kila upande kivyake: Mexico na majirani zake, na tena kwenye milima ya Andes huko Amerika Kusini. Ndipo zikatokea koo mbili. Ukoo wa Andes kwa kawaida una punje kubwa, kama vile Rosecoco na Canadian Wonder zinazojulikana sana nchini Kenya. Ule wa Mexico una punje ndogo au za wastani, kama Wairimu na Mwitemania. Mmea una jozi 11 za kromosomu, na mwaka wa 2014 wanasayansi walichapisha ramani ya jeni zake, zipatazo 27,000.

Popote zao hili lilipopelekwa, ugonjwa wa batobato ulisafiri nalo ndani ya mbegu. Majani hupata mabaka ya kijani kilichokolea na kilichopauka, hujikunja, na mmea huzaa maganda machache. Kirusi kinachousababisha huenezwa pia na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Marekani waligundua kwamba aina iitwayo Corbett Refugee haiugui batobato. Kinga yake ilitokana na jeni moja tu, iliyokuja kupewa jina la herufi I. Kwa kuwa inatosha kurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja, ilikuwa rahisi kuitumia, na punde ikaingizwa katika mbegu za mataifa mengi.

Barani Afrika mambo yalikuwa tofauti. Huku kuna kirusi kingine, ndugu wa kile cha kwanza, ambacho kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa aina yake tu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilipotambuliwa kuwa kirusi cha peke yake. Kimepatikana katika mimea ya mwituni ya jamii ya kunde, na kimeenea Afrika Mashariki na ya Kati kiasi kwamba wataalamu wanaamini asili yake ni bara hili.

Jeni I hufanya kazi kama mlinzi. Ikikitambua kirusi, huamuru chembechembe zilizoshambuliwa zife ili adui asipate pa kupitia. Kirusi cha kwanza hukwama papo hapo, ingawa baadhi ya aina zake huleta madhara joto likipita nyuzi 30. Kirusi cha Afrika hakikwami. Huzidi kusonga mbele, na amri ya kufa humfuata nyuma kupitia mishipa ya mmea, hadi mmea mzima unakuwa umejiua.

Hapo ndipo mkulima hupata hasara asiyoielewa. Mbegu yake ya zamani isiyo na jeni I huugua batobato, lakini humpa chochote cha kutia chunguni. Ile mpya, aliyoambiwa ina kinga, hufa kando yake. Si ajabu akailaumu. Kwa mtafiti kuna faida, kwa sababu mmea uliokufa haupitishi kirusi katika mbegu. Kwa mwenye robo ekari hiyo ni faraja haba.

Ufumbuzi ulitokana na utafiti wa Mholanzi Drijfhout, ambaye mwaka wa 1978 alichapisha uchambuzi wa jeni nyingine za kinga zilizofichika, ambazo hufanya kazi tu zikirithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Yenye nguvu zaidi huitwa bc-3. Baadaye ilibainika kuwa jeni hii hubadilisha protini ambayo mmea hutumia kusoma maagizo ya jeni zake, na ambayo kirusi huiiba ili kizaliane. Kirusi kisipopata chombo hicho hakizaliani, na jeni I haina sababu ya kutoa amri yake. Zikiunganishwa, jeni hizo mbili huukinga mmea dhidi ya karibu aina zote za virusi hivyo. Taabu ni kwamba bc-3 huificha I: mmea ukiambukizwa kwa majaribio hauonyeshi dalili zozote, na mtafiti hawezi kujua kwa macho kama I imo. Ndiyo maana maabara hutumia alama za DNA.

Mkusanyiko wa jeni kama huo umewahi kutokea pasipo maabara. Maharagwe ya kutambaa yaliyotoka Mexico na kulimwa Rwanda kwa jina Umubano yalikutwa na jeni kadhaa dhidi ya ugonjwa wa chule, ambao huchimba vidonda vyeusi kwenye maganda.

Shambani, mmea wenye batobato hung'olewa mapema, na shamba lililoathirika halichaguliwi mbegu, hata punje zikiwa nzuri. Kwa vile ua la maharagwe hujichavusha, mbegu ya nyumbani hubaki na sifa za mzazi wake. Kinachoiharibu ni kirusi kinachojificha ndani. Kupulizia dawa vidukari hakusaidii sana: kidukari huhitaji muda mfupi mno wa kuonja jani ili kuacha kirusi, na huwa amekwisha kukiacha kabla sumu haijamuua.