Haipo, Haikuwezekana, Imeshindwa: Majibu ya Kiini cha Kompyuta na Istilahi Zake

Ile sehemu ya ndani ya mfumo wa uendeshaji inayosimamia kumbukumbu, diski na programu zote huitwa kiini, na jina hilo halihitaji kutetewa hapa. Taabu iko katika majibu ambayo kiini huipa programu inapokiomba jambo kisiloliweza. Majibu hayo yana historia, nayo imejaa maneno yaliyotungwa kwa kitu kimoja yakaja kubebeshwa kingine. Mfasiri asiyeijua aweza kuandika “imeshindwa” mahali ambapo hakuna kilichoshindwa.

Mfano ulio mashuhuri watoka Unix, mfumo ulioanzishwa Bell Labs nchini Marekani mwaka 1969. Humo kila kosa lilipewa namba na jina fupi. Namba 25, ENOTTY, ilielezwa kwa maneno yenye maana ya “si taipureta”. Siku zile watu walizungumza na kompyuta kwa mashine za chapa zilizounganishwa nayo kwa waya. Ombi lililohusu mashine hizo likielekezwa kwenye faili ya kawaida, jibu hilo lilikuwa kweli tupu. Mashine ziliondoka, jina likabaki. Hata leo programu ikikiomba kiini cha zamani kunakili kipande cha faili kwa njia ambayo kiini hicho hakikufundishwa, yaweza kujibiwa kwa namba hiyo hiyo. Jibu jingine, EOPNOTSUPP, lilielezwa katika mfumo wa 4.2BSD wa mwaka 1983 kuwa tendo halikubaliki katika soketi, yaani ncha ya mawasiliano ya mtandao. Sasa hutolewa na mifumo ya faili isiyohusiana na mtandao kwa lolote. La tatu, ENOSYS, ndilo lililo wazi kupita yote: kazi iliyoombwa haimo kabisa katika kiini.

Tofauti hizi zingebaki kuwa mambo ya mafundi peke yao kama zisingeingia katika programu za kujaribu mifumo ya faili kwa mkazo. Mojawapo ni fsx, iliyoandikwa na Avadis Tevanian katika kampuni ya NeXT mwaka 1991 na kuandikwa upya na Conrad Minshall mwaka 1998, kisha ikahamia Linux na kuwekwa katika mkusanyo wa majaribio uitwao xfstests. Kazi yake ni rahisi kueleza. Huchukua faili moja, ikaisomea, ikaiandikia, ikaifupisha na kuirefusha kwa mpangilio wa kubahatisha, huku ikitunza katika kumbukumbu nakala ya yale yanayopaswa kuwamo. Nakala na faili zikitofautiana hata kwa baiti moja, husimama na kuorodhesha matendo ya mwisho. Wenye data benki na hospitalini hawaijui programu hii, lakini usalama wa kumbukumbu zao umepita mikononi mwake.

Matendo ya kujaribiwa yakaongezeka. Kiini cha Linux kilipata wito wa kutenga nafasi mapema, fallocate, mwaka 2007. Uwezo wa kutoboa tundu katikati ya faili mwaka 2011. Kuondoa kipande na kuziba pengo mwaka 2014. Kupenyeza kipande mwaka 2015. Lakini si kila kompyuta ilikuwa na kiini kipya, wala si kila mfumo wa faili ulikubali kila tendo. Kama programu ingesimama kila ilipojibiwa “sina”, isingefaa kitu kwenye kompyuta nyingi. Kama ingelipuuza kila jibu baya, ingeyafumbia macho makosa yenyewe. Njia iliyochukuliwa ni kuuliza kwanza: kabla ya kazi kuanza, fsx hujaribu tendo moja, likirudi jibu la kutokuwepo, hutangaza kwamba mfumo huo wa faili hauna uwezo huo, hulizima tendo hilo, na huendelea na mengine. Baadaye zamu ya tendo lililozimwa ikifika, huandikwa katika kumbukumbu kuwa limerukwa.

Kuna njia nyingine, nayo ina hatari yake. Maktaba ya glibc, ikiombwa kutenga nafasi kwa wito wa posix_fallocate na ikakuta mfumo wa faili hauwezi, huigiza kazi hiyo kwa kuandika ndani ya kila bloku. Kwa mtumiaji wa kawaida huo ni msaada. Kwa mpimaji ni hasara, maana aliyedhani anakipima kiini kumbe amepima uigaji.

Hapa ndipo istilahi inapodai haki yake. Kiwango cha POSIX 1003.3 cha mwaka 1991 kilitenga hukumu tano za jaribio: limefaulu, limeshindwa, halina uamuzi, halikupimwa, na mazingira hayana uwezo unaotakiwa. Mwalimu hatashangaa, mtahiniwa asiyefika chumba cha mtihani hapewi sifuri, wala hapewi alama ya kufaulu. Lakini mtumishi anayepokea ripoti isemayo “hakuna jaribio lililoshindwa” ana haki ya kujua mangapi hayakuendeshwa, na kwa sababu gani. Mkusanyo wa xfstests huyaorodhesha hayo peke yake pamoja na sababu zake, na tafsiri isiyafiche.

Katika tafsiri za programu neno “haitumiki” limezoeleka kwa uwezo usiokuwepo. Halifai, kwa kuwa msomaji hulielewa pia kama kitu kilichopo ambacho watu wamekiacha. “Haitegemezwi” ni neno la kigeni lililovikwa viambishi vyetu. Yafaa tuseme “haipo” kiini kisipokuwa na wito wenyewe, “haikubaliwi na mfumo huu wa faili” wito ukiwepo lakini mfumo wa faili hauna tendo, na “imeshindwa” pale tu tendo lililopo lilipoharibika. Jaribio lililorukwa liitwe hivyo hivyo, “limerukwa”. Na ule mwenendo wa programu kupokea ukosefu bila kuanguka na bila kudanganya twaweza kuuita kustahimili ukosefu. Wanaopendelea “kwa uzuri” wanafasiri sauti ya neno la kigeni na kuiacha kazi yake.

Linabaki EINVAL, namba 22, lisemalo kwamba kigezo kilichotolewa si sahihi. Viini vingi hulitoa vinapokutana na alama ya uwezo mpya visioujua, na hulitoa pia mwandishi wa programu anapokosea hesabu zake mwenyewe. Jibu ni moja, maana mbili, na aliye nje hawezi kuzitenga kwa kulitazama tu. Kwa hilo mfasiri aandike “kigezo batili” kama lilivyo, asiongeze “haipo” kwa kukisia.