Filamu Iliyosafiri Mbali

Januari 1920, Oscar Micheaux, Mmarekani Mweusi, alitaka kuonyesha filamu yake bubu, Within Our Gates, mjini Chicago. Ndani yake kundi la Wazungu lawanyonga Weusi pasipo hukumu. Wakaguzi wakasita, kwa kuwa ghasia za 1919 mjini humo zilikuwa zimeua watu 38. Hata baadhi ya Weusi waliipinga. Nasi tusiwalaumu upesi, maana 23 kati ya waliozikwa walikuwa wenzao. Baada ya mabishano ikaonyeshwa, na penginepo ikakatwa vipande. Micheaux mwenyewe alizichukua filamu zake mji hata mji. Hii ikapotea miaka mingi, hata nakala ikapatikana Uhispania, nayo maandishi yake ya Kihispania yakabidi kurudishwa katika Kiingereza.