Safari ya Makhzan

Neno la Kiingereza "magazine" lilizaliwa bandarini, tena si Uingereza. Waarabu wana kitenzi khazana, yaani kuhifadhi, na kutoka hapo wakapata makhzan, mahali pa kuwekea mali. Wingi wake ni makhazin. Wafanyabiashara wa Ulaya waliofika Afrika Kaskazini waliweka shehena zao katika makhazin hayo, na waliporudi kwao walirudi na neno pia. Katika karne ya 13 lilikwisha kuandikwa katika hati za Kilatini za Marseille. Waitaliano wakasema magazzino, Wafaransa magasin. Wahispania na Wareno walilibeba pamoja na "al" yake ya Kiarabu, wakapata almacén na armazém. Huko Morocco, makhzan ilipanda cheo: ghala la mapato ya sultani likawa jina la dola yenyewe, na hadi leo Wamorocco huita utawala wa mfalme kwa jina hilo.

Waingereza walilipokea miaka ya 1580 kupitia Kifaransa, na muda si mrefu likawa neno la wanajeshi: ghala la silaha na baruti. Tarehe 11 Mei 1857, askari wa Kihindi walipoasi na kuingia Delhi, Waingereza wachache waliokuwa wakilinda ghala la namna hiyo walililipua wenyewe kuliko kuliachia.

Lakini lililobadilisha maisha ya neno hili ni uamuzi wa mchapishaji mmoja wa London. Edward Cave alikuwa amefanya kazi posta, mahali ambapo magazeti ya kila upande yalipita mikononi mwake, akaona jinsi habari zinavyosomwa siku moja na kutupwa. Januari 1731 akaanza kutoa The Gentleman's Magazine: kila mwezi, kwa peni sita, alikusanya makala, mashairi, bei za nafaka, vifo na ndoa. Vitabu vilikuwa vimewahi kujiita ghala la maarifa kabla yake, ila Cave ndiye aliyelipa chapisho la mara kwa mara jina hilo. Mwaka uliofuata tayari alikuwa na mshindani, The London Magazine. Mwaka 1738 alianza kumtumia kijana maskini aliyeitwa Samuel Johnson. Bunge lilikuwa limekataza mijadala yake isichapishwe, kwa hiyo jarida liliitoa kama habari za baraza la nchi ya kubuni, Lilliput, na kwa miaka kadhaa Johnson ndiye aliyeandika hotuba hizo, nyingi akizitunga kutokana na vidokezo tu. Kwangu mimi, hapo ndipo jarida lilipojifunza kazi yake ya kweli: kuwapa raia kile ambacho wakubwa wangependa kibaki chumbani. Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 aliingiza maana hiyo mpya, akamtaja Cave kwa jina.

Karne ya 19 ikaleta ghala dogo kuliko yote, kile chombo cha risasi ndani ya bunduki. Tofauti kati ya kuwa nacho na kukikosa iliuma Afrika Mashariki. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani huko walikuwa bado na Mauser ya 1871, inayopakiwa risasi moja moja na kutoa moshi unaomfichua mpigaji, ilhali Lee-Enfield ya Waingereza ilibeba risasi kumi.

Kiswahili kimelipata shina hili kwa njia mbili. Kwa jahazi, kupitia Bahari ya Hindi, ilikuja hazina, na ndiyo tunayoita mfuko mkuu wa serikali Dodoma na Nairobi. Kwa mtutu wa Mzungu ikaja magazini ya bunduki. Maana ya Cave pekee ndiyo hatukuichukua: chapisho la aina hiyo tuliliita jarida, neno jingine la Kiarabu, ambalo asili yake ni kuti la mtende lililochambuliwa majani.