Devi Dja: mchezaji ngoma wa Java aliyepewa Tahiti

Jirani yangu mmoja, kijana wa Kidigo, hucheza ngoma katika hoteli za ufuoni. Jioni moja nilisimama nje ya ua nikimtazama. Walianza na sengenya, wakabadili nguo wakaruka Kimaasai, na kabla wageni hawajamaliza kula wakawa wameshafika kwa isukuti ya Waluhya. Kesho yake nikamuuliza nani aliyemfundisha kuruka vile. Akacheka. "Ami, mgeni ataka Kenya nzima kwa saa moja."

Jibu lile lilinirudisha kwa Devi Dja, mwanamke ambaye wengi wetu hatujamsikia.

Alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Java, wakati huo koloni la Waholanzi. Utotoni alifuatana na babu na bibi yake waliokuwa wakizunguka kutumbuiza watu. Baadaye akaingia Dardanella, kundi la maigizo lililoanzishwa mwaka 1926 na Mrusi aliyejiita Piedro, naye Piedro akamuoa. Katikati ya miaka ya 1930 kundi lilitoka nje ya visiwa vyao. Huko nje maigizo ya Kimalay hayakueleweka, kwa hiyo ngoma ndiyo iliyotangulizwa. Wakapita Burma na India, wakafika Ulaya, na mwaka 1939 wakaingia Marekani.

Ngoma zenyewe si za mchezo. Muziki wake, gamelan, hupigwa kwa vyombo vingi vya shaba, na mtu wa Pwani akiusikia atakumbuka upatu. Ya Java huenda taratibu, macho yakitazama chini, na kidole kimoja kikipinda vibaya mwalimu ameshaona. Ya Bali ni kali, macho wazi, shingo ikikatika ghafla. Hufundishwa tangu utoto.

Vita vikamkuta Marekani. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, na njia ya kurudi ikafungwa. Mwaka huohuo ikatoka filamu ya The Moon and Sixpence, kutoka riwaya ya Somerset Maugham, ambayo sehemu yake hutokea Tahiti. Ngoma za filamu ile akapewa Devi Dja na kundi lake. Kutoka Java hadi Tahiti ni zaidi ya kilomita 10,000. Ngoma ya Tahiti huchezwa kwa kiuno, kwa kasi, juu ya milio ya magogo yaliyochongwa uwazi. Mama zetu wa chakacha wangeielewa upesi kuliko mtu wa Java. Lakini kwa wenye filamu, kisiwa ni kisiwa.

Wapo watakaosema aliuza asili yake. Mimi simlaumu sana. Alikuwa na kundi la kulisha, na wala hakuwa na nchi yenye jina lake. Alifungua klabu ya usiku Chicago, akaiita Sarong Room, sarong ikiwa nguo ambayo sisi tungeiita kikoi. Klabu ile iliungua moto.

Kisha mwaka 1945 Indonesia ikatangaza uhuru, na Waholanzi wakakataa kuachia. Sutan Sjahrir alipofika New York mwaka 1947 kuitetea nchi yake mbele ya Umoja wa Mataifa, alikutana na Devi Dja na kumtambulisha kwa watu kama balozi wa utamaduni wa Indonesia. Mtu huyohuyo aliyevalishwa Tahiti! Kipande hiki ndicho nikipendacho zaidi katika maisha yake.

Hata hivyo hakurudi kuishi kwao. Alichukua uraia wa Marekani mwaka 1954, akakaa Los Angeles akifundisha ngoma za Indonesia, na akafariki huko mwaka 1989. Binti yake, Ratna Assan, aliigiza katika Papillon ya mwaka 1973, safari hii kama msichana wa Kihindi wa Amerika Kusini.

Nilimsimulia jirani yangu haya tukiwa kibarazani. Akauliza swali moja tu: je, ngoma ya kwao hasa aliifundisha vilevile alivyofundishwa, au aliikata iwe fupi kama wao wanavyoikata sengenya hotelini?

Nikamuuliza mwanawe anafundishwa na nani. Akasema mtoto yuko Msambweni kwa nyanya yake, na huko hawakati.